Jinsi ya kuanzisha msitu wa kaboni kwenye shamba lako au kijijini, kuanzia mbegu mpaka kupima tani (nimeandika kwa ardhi kavu ya huku Dodoma)

Ukikaa kwenye kijiwe cha kahawa hapa Kibaigwa siku hizi hukosi kumsikia mtu anaongelea kaboni, kwamba kuna hela, kwamba unapanda miti alafu kuna watu huko nje wanakulipa dola we umekaa tu. Kuna ukweli ndani yake na kuna chumvi nyingi sana. Mi nimepanda miti mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kampeni, tulipanda miche zaidi ya mia nne kwa siku moja, tukapiga picha, tukaondoka, na kufika mwezi wa nane mbuzi na jua walishamaliza karibu yote. Mara ya pili nilienda taratibu, ndo hayo nayaandika hapa, kwa mtu mwenye ekari mbili tatu au kikundi au kijiji kinachotaka kufanya hii kitu ikafika mwisho.

Jambo moja liweke kichwani kabla hujashika jembe. Kaboni haihesabiwi siku ya kupanda. Inahesabiwa kwenye mti ulio hai mwaka wa nane, wa kumi, wa kumi na tano. Mche wa kwenye kiriba una gramu chache tu za kaboni, hauna tofauti na gugu. Mti unavuta hewa ukaa kupitia majani, ile kaboni inajengea shina, matawi na mizizi, na ukiukausha kabisa mti karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Ukiuchoma mkaa inarudi angani, ukioza inarudi, ukiupasua mbao ukawa kenchi ya nyumba inakaa mle kwenye paa. Basi hatua zote hapa chini zinatafuta kitu kimoja, mti ufike mwaka wa kumi ukiwa umesimama.

Hatua ya 1: Jua unafidia nini

Kufidia maana yake miti yako ivute hewa ukaa sawa na ile uliyoitoa wewe kwa kuchoma mafuta. Anza na hesabu yako mwenyewe. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, dizeli kama 2.7. Chukua dereva boda anayemaliza lita 3 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hizo ni lita 900, mara 2.3 unapata kilo 2,070, yaani tani mbili na kidogo kwa pikipiki moja kwa mwaka mmoja.

Mti wa wastani wenye kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa mita 8, mbao zake za ugumu wa kati, unakuwa umeshika kama kilo 130 za hewa ukaa ukijumlisha na mizizi (jinsi ya kupata hiyo namba naionyesha huko chini kwenye kupima). Gawanya, inakuja miti 16. Lakini ni miti 16 iliyofikisha unene huo, sio miche 16, na huku kwetu mti kufika sentimita 15 unaweza kukaa miaka kumi au zaidi. Na hiyo miti 16 imefidia mwaka mmoja tu wa boda. Ukiendesha miaka kumi ni miti 160.

Nimeanza na hii hesabu makusudi maana watu wanapanda miti mitano kwenye sherehe ya ofisi wanasema tumefidia jenereta. Jenereta linalokunywa lita 10 za dizeli kwa siku linatoa kilo 27 kila siku ya Mungu. Punguza kwanza unachochoma, weka sola ukiweza, alafu miti ibebe kile kilichobaki ambacho huna namna.

Hatua ya 2: Ardhi, na makaratasi yake

Msitu wa kaboni ni ndoa ya miaka ishirini na zaidi, ardhi yenye mgogoro usiiguse. Kama ni shamba lako tafuta hati miliki ya kimila, inatolewa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na jina la mke liwemo humo, nasema hivo kwa sababu nimeona baba anafariki, ndugu wanakuja na shoka kabla arobaini haijaisha. Kama ni ardhi ya kijiji inabidi ipite kwenye mkutano mkuu wa kijiji, watu wapige kura, muhtasari uandikwe na usainiwe, na wafugaji wawepo kwenye huo mkutano. Wafugaji wasipokuwepo unajidanganya, wao ndo wanajua ng'ombe wanapita wapi mwezi wa tisa.

Alafu angalia hiyo ardhi ilikuwa nini. Usikate pori la asili ili upande miti ya kaboni, hiyo ni hasara tupu, kaboni unayoiachia pale unakuja kuirudisha baada ya miongo, na miradi mikubwa haikubali kabisa, Verra kwa mfano, shirika la nje linaloweka viwango vya miradi ya kaboni, wanakataa eneo lililofyekwa uoto wa asili ndani ya miaka 10 kabla ya mradi. Mbuga ya majani ambayo tangu enzi za mababu ni ya majani iache pia, pale kaboni yake iko chini kwenye udongo na wanyama wanaitegemea. Na ardhi oevu, vyanzo vya maji, sehemu kama hizo zina miti yake, usiende kubandika mikaratusi.

Ardhi nzuri kwa kazi hii ni ile iliyochoka. Shamba lililoachwa, kilima kilichobaki kipara kwa mkaa, kingo za makorongo, mipaka ya mashamba.

Hatua ya 3: Kabla ya kununua kiriba hata kimoja, angalia chini

Hapa naomba msomaji usiruke. Tembea kwenye hilo eneo taratibu, uangalie visiki. Sehemu nyingi za huku unazoona kama jangwa, chini kuna mizizi hai ya miti iliyokatwa miaka iliyopita, kila mvua inachipua na kila mwaka inaliwa au inafyekwa. Hicho ni kitalu cha bure chenye mizizi ya miaka 20 au 30. Huku Dodoma shirika la LEAD Foundation limekuwa likifundisha wakulima kwa jina la Kisiki Hai, na njia yenyewe ni rahisi mno: kwenye kisiki chenye machipukizi kumi na zaidi unachagua mawili matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, yaliyobaki unayakata kwa kisu kikali, yale uliyoacha unapogolea matawi ya chini mpaka kama nusu ya urefu, unafunga kitambaa cha rangi ili mtu na mchungaji wajue huyu analelewa, basi. Unarudi kila baada ya miezi kadhaa kutoa machipukizi mapya.

Chipukizi la kisiki linakimbia kuliko mche wowote maana mizizi tayari iko kwenye maji. Halihitaji kumwagiliwa.

Wasukuma wana kitu kinafanana na hiki, ngitili, eneo linafungwa mvua inapoanza majani na miti vipumzike, linafunguliwa kiangazi kwa ajili ya mifugo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulijengwa juu ya mila hiyo hiyo badala ya kuwaletea watu miche ya kigeni peke yake, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti. Mkoa uliokuwa unaitwa jangwa. Kwa iyo hesabu visiki vyako kwanza. Ukikuta visiki hai 60 kwenye ekari, panda miche kwenye mapengo tu.

Hatua ya 4: Chagua miti

Mvua zetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka na zinakuja msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi. Mti utakaokufaa ni unaostahimili miezi saba bila tone. Mi mchanganyiko wangu ni huu:

Mkababu (wengine wanauita mgunga). Unadondosha majani wakati wa mvua na kuyavaa kiangazi, kwa iyo mahindi chini yake hayapati kivuli, na unarutubisha udongo, matunda yake mifugo inapenda. Kama bado unalima hilo eneo hakuna mti wa kuushinda huu.

Mkwaju. Unaenda polepole lakini unaishi muda mrefu sana, na ukwaju unauzika.

Mwarobaini, unakua hata penye shida, mbuzi hawaupendi sana. Mjohoro kwa ajili ya nguzo na kuni. Mkongo na mpingo kwa wajukuu, ile miti ni mizito, mbao zake zimeshika kaboni nyingi kwa ukubwa uleule wa shina, ila inahitaji subira.

Mninga kila mtu anautaka, na mimi niliutaka. Ujue tabia yake: miaka ya mwanzo shina linakauka kila kiangazi na kuchipua upya mvua ikija, miaka kadhaa mfululizo, huku chini unajenga mzizi. Watu wanadhani umekufa wanaung'oa. Kama una mininga michanga porini kwako ilinde hiyo hiyo, ni bora kuliko kuupanda.

Kuhusu mikaratusi na misindano, huko Mufindi na Njombe kwenye mvua nyingi watu wanaijua kazi yake sina ugomvi nao, ila kwa ardhi kavu mikaratusi inakunywa sana na mchwa wanaipenda. Na usipande mti mmoja shamba zima, ugonjwa au mdudu mmoja akija umemaliza. Angalau aina nne tano.

Tahadhari nyingine, usichukue mti kwa sababu tu umeambiwa haufi. Kenya kule Baringo mti unaoitwa mathenge uliletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, leo umefunga malisho na njia za maji na wananchi wanahangaika nao. Lusina nayo ukiiachia ienee inageuka magugu, kama unaitaka kwa ajili ya lishe ya mbuzi uikate kabla ya kuzaa.

Hatua ya 5: Kitalu

Anza mwezi wa saba au wa nane ili miche iwe na miezi minne mitano mvua ikifika. Mbegu pata kwenye kituo cha mbegu za miti cha TFS (wakala wa misitu wa serikali) pale Morogoro, au okota mwenyewe chini ya miti mizuri, chukua kutoka kwenye miti mingi iliyoachana, sio mmoja, miche ya mama mmoja ina udhaifu mmoja.

Mchanganyiko wa udongo: ndoo tatu za udongo wa juu wa porini, moja ya mchanga, moja ya samadi iliyooza vizuri. Kama unaotesha miti ya miyombo ongeza konzi za udongo kutoka chini ya mti mkubwa wa aina hiyohiyo, kuna ukungu mle ambao mizizi yake inashirikiana nao, bila huo mche unadumaa na hujui kwa nini.

Mbegu ngumu kama za migunga na lusina unachemsha maji, unaepua, unatumbukiza mbegu yakiwa bado ya moto, unaziacha humohumo mpaka asubuhi. Zilizovimba panda, zisizovimba rudia. Mkwaju unaukwangua kidogo upande mmoja alafu unauloweka. Mwarobaini ni kinyume, hauna dawa yoyote ila haraka, mbegu yake ikikaa wiki mbili tatu inakufa, okota, osha nyama, panda.

Kila wiki chache nyanyua viriba ukate mizizi iliyotoka chini. Wiki nne za mwisho punguza maji na ondoa kivuli polepole, miche ikomae. Mche mzuri una urefu wa futi moja hivi na shina gumu kama kalamu. Mrefu mwembamba wa kijani laini unapendeza machoni tu, shambani unakufa.

Otesha zaidi ya unayohitaji, kama theluthi moja juu.

Hatua ya 6: Mashimo

Nafasi ya mita 4 kwa 4 inakupa miti kama 250 kwa ekari, 625 kwa hekta. Mita 5 kwa 5 inakupa kama 160 kwa ekari. Kwa ardhi kavu usibane chini ya nne, miti itapigania maji na yote itabaki njiti. Kaboni nyingi iko kwenye miti minene michache.

Chimba mwezi wa kumi au wa kumi na moja kabla ya mvua, sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Ule wa juu unachanganya na samadi unaurudisha kwanza. Ule wa chini unautumia kutengeneza tuta la nusu mwezi upande wa chini wa mteremko, ili maji yanayotiririka yakifika pale yasimame na kuzama. Hili tuta ndo limeniokolea miti kuliko samadi, kuliko dawa, kuliko chochote. Mvua zetu zinakuja kwa fujo, zinashuka milimita 50 kwa saa moja alafu wiki mbili kimya, ukiyaacha maji yapite umepoteza.

Hatua ya 7: Kupanda

Mvua ya kwanza usipande! Subiri udongo uloe mpaka kina cha mkono kufika kwenye kiwiko, kawaida ni baada ya mvua mbili tatu kubwa, katikati ya Desemba au Januari mwanzoni. Panda jioni au siku ya mawingu. Chana kiriba chote utoe, nimeona watu wanapanda na nailoni yake, mizizi inajizungusha mle mti unakufa mwaka wa tatu. Shingo ya mche ibaki usawa wa ardhi, kandamiza udongo kwa mguu pasiwe na hewa, weka matandazo ya majani makavu lakini yasiguse shina maana mchwa watapita humo.

Hatua ya 8: Miaka mitatu ya kwanza, hapa ndo kazi ilipo

Mtu akiniuliza bajeti namwambia, hela ya kupanda ukiwa nayo zidisha mara tatu, hiyo iliyozidi ni ya kutunza. Ukiwa na hela ya miche elfu moja bila hela ya kutunza panda mia tatu.

Mbuzi kwanza. Zungushia miiba ya migunga kila mche au funga eneo lote kwa boma la miiba, na sheria ndogo ya kijiji iwe na faini inayojulikana na inayotozwa kweli, hata kwa ng'ombe wa mwenyekiti. Lakini wafugaji wapewe kitu pia. Sisi tumekubaliana wanakata majani wanabeba kichwani bila kulipa, na njia ya ng'ombe kwenda lamboni imeachwa wazi upana wa mita kumi. Tangu tukubaliane hivo mchungaji akiona moto ndo anakuwa wa kwanza kupiga simu.

Moto ndo wa pili na unaweza kumaliza miaka mitano yote kwa mchana mmoja. Kabla mwezi wa sita haujaisha safisha barabara ya moto kuzunguka eneo lote, mita 5 mpaka 10, ibaki udongo mtupu. Ndani palilia kisahani, yaani duara la mita moja kuzunguka kila mti, nyasi zikiwa ndefu pale moto unakuja mpaka kwenye shina na pia zinaiba maji.

Kiangazi cha kwanza mimi huwa natumia chupa za maji za lita moja na nusu, unatoboa kishimo kidogo kwenye kifuniko, unaizika kichwa chini karibu na mche, unaikata kitako unajaza kila baada ya siku kadhaa. Ni kazi, sikudanganyi, watoto wanasaidia Jumamosi. Kwa miti mia mbili inawezekana, kwa elfu mbili haiwezekani, na ndo maana nasema panda unayoweza kuitunza. Mchwa wakianza weka majivu kuzunguka shina na toa mabaki yote ya miti iliyokufa.

Msimu unaofuata hesabu, jazia palipokufa. Pengo ukilijazia mwaka wa pili bado linawahi, la mwaka wa nne linabaki chini ya kivuli cha wenzake.

Daftari. Andika tarehe ya kupanda, aina, idadi, iliyokufa, sababu. Piga picha kutoka sehemu ileile kila mwaka, kwenye simu washa GPS. Kuna siku mkaguzi atakuja na hili daftari litakuwa na thamani kuliko maneno yako yote.

Hatua ya 9: Kupima kaboni mwenyewe

Sio uchawi. Unahitaji tepu ya fundi cherehani, kamba, na simu yenye kikokotoo cha kisayansi.

Pima kiploti cha mita 20 kwa 20. Ndani yake pima kila mti mzingo wake usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Gawanya kwa 3.14 unapata kipenyo. Mzingo wa sentimita 47 ni kipenyo cha 15. Urefu wa mti kadiria kwa fimbo unayoijua urefu wake.

Kisha tumia kanuni ambayo watafiti wengi wa misitu ya kitropiki wanaitumia, ya Chave na wenzake ya 2014. Zidisha uzito wa mbao kwa ujazo wake, yaani gramu kwa kila sentimita ya ujazo (miti ya kati tumia 0.6) kwa kipenyo mara kipenyo mara urefu. Kwa mti wetu ni 0.6 × 15 × 15 × 8 = 1,080. Hiyo ipandishe kwa kipeo cha 0.976, inakuja kama 913. Zidisha kwa 0.0673 unapata kilo 61 na nusu, huo ndo uzito mkavu wa juu ya ardhi. Ongeza robo kwa ajili ya mizizi, kilo 77. Zidisha kwa 0.47 upate kaboni, kilo 36. Mwisho zidisha kwa 3.67 kugeuza kaboni kuwa hewa ukaa, unapata kilo 132 na ushee.

Kama kiploti chako kina miti 20 hai ya ukubwa huo, zidisha kwa 25 upate hekta, miti 500, kama tani 66. Kwa ekari ni tani 26 na kidogo. Pima viploti kadhaa sehemu tofauti, pazuri na pabaya, sio pale penye miti mizuri tu. Na kama kulikuwa na miti kabla hujaanza, uipime mwanzoni na uitoe kwenye hesabu. Hiyo haikuwa kazi yako.

Hatua ya 10: Kuuza, kama unataka kuuza

Sasa turudi kwenye zile dola za kijiweni. Krediti moja ya kaboni ni tani moja ya hewa ukaa. Ekari yako imetoa 26 ndani ya miaka kama kumi na mbili, hiyo ni mbili na kidogo kwa mwaka. Tufanye bei iwe dola 10 kwa tani, kwa mfano tu maana bei inapanda na kushuka sana, unapata dola 260 kwa miaka yote hiyo, na hapo hujatoa gharama za kusajili, wakaguzi, na ile akiba inayozuiliwa kwa ajili ya hatari ya moto na ukame. Mtu mmoja mwenye ekari mbili hawezi kwenda sokoni peke yake. Ni lazima mwingie kikundi, mamia ya wakulima chini ya mradi mmoja. TIST, mpango wa wakulima wa kupanda miti ya kaboni, wanafanya kazi na vikundi vidogo vya wakulima namna hiyo na walianzia hapahapa Tanzania 1999.

Zile habari za vijiji vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi kupokea mabilioni ni za kweli, ila ule ni msitu wa asili uliokuwepo tayari, wanalipwa kwa kutouacha ukatwe, hekta nyingi mno. Wahadzabe wa Yaeda hivyohivyo. Hata Mikoko Pamoja ya Gazi kule Kwale, Kenya, ambayo tangu 2013 inauza kama tani 3,000 kwa mwaka na hela inaenda kwenye maji na shule za kijiji, sehemu kubwa ni mikoko iliyokuwepo inayolindwa, hekta 117, na upandaji kidogo juu yake. Kupanda upya ni hesabu nyingine kabisa, usiichanganye na hizo.

Kwa iyo usikope hela kwa kutegemea kaboni. Miti yako ijilipe kwa asali (weka mizinga mwaka wa tatu), majani ya mifugo, ukwaju, nguzo za miti utakayoipunguza, kuni za matawi. Kaboni ikija iwe nyongeza.

Ukiletewa mkataba, usisaini siku hiyohiyo. Uliza haya: ni wa miaka mingapi, mgao ni asilimia ngapi ya mauzo na sio ya faida baada ya wao kutoa gharama wanazozijua wenyewe, nani analipa ukaguzi, miti ikiungua nani anadaiwa, mkulima akifa mrithi anaruhusiwa kujitoa, na je bado naruhusiwa kuokota kuni na kulisha. Uwe kwa Kiswahili, nakala ibaki kijijini. Tanzania kuna kanuni za biashara ya kaboni za 2022 na miradi inasajiliwa kupitia kituo cha taifa cha kaboni, NCMC, kiko chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro, anayekwambia hakuna haja ya kusajili muonyeshe mlango. Kwa walioko Kenya, marekebisho ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2023 yanasema miradi ya ardhi kwenye maeneo ya jamii itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii, isomeni.

Na mnunuzi naye ana haki ya kuuliza swali lake: hii miti ingekuwepo hata bila hela yangu? Kama kijiji kilikuwa kinaipanda tayari, sio fidia. Alafu wale waliokuwa wanachoma mkaa hapo wameenda wapi, maana kama wamehamia kilima cha pili hujaokoa kitu, umehamisha tu. Hilo linatatuliwa mapema, tafuteni eneo la kuni la kikundi na majiko banifu kabla hamjafunga kilima.

Kitu cha mwisho ni kupunguza. Mwaka wa saba au wa nane matawi yakianza kugusana toa miti dhaifu, mmoja kati ya mitatu hivi, ile minyonge na iliyopinda, iliyobaki inenepe. Kabla ya kuangusha pima mzingo wake uandike kwenye daftari pamoja na ilikoenda, iliyokuwa nguzo za nyumba andika nguzo, iliyokuwa kuni andika kuni, maana ya kuni itatoka kwenye hesabu ya mwaka huo.